Matuta ya Maharage Kwenye Uwanja wa Kinu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Sisemi hivyo kwa utani. Ndivyo barua inavyosema, na ina mhuri. Kinu kiliuzwa, mnunuzi hakuhitaji ofisa ustawi wa wafanyakazi, na ofisa huyo nilikuwa mimi. Nimekaa misimu mitatu nikiendesha timu bila mshahara, nikisubiri mtu agundue kwamba barua ile ilikosewa. Hakutokea. Sasa nimepata kazi ya kufundisha Mbeya, na kwa kuwa mtu hawezi kuwa katibu wa timu ya Sumbawanga akiwa Mbeya, nastaafu mara ya pili, safari hii kwa hiari yangu.

Nawaandikia ninyi wawili mnaochukua ukatibu. Mmeniomba niwaeleze kazi. Habari za vikao na kadi za wachezaji mtajifunza kwa kukosea, kama nilivyojifunza mimi. Ninachotaka mkijue ni kwa nini timu isiyo na kinu, isiyo na mfadhili, na iliyoshuka daraja, bado ina uwanja wake pale Kizwite, wakati timu zenye magari zinaazima viwanja vya shule. Mkiuliza mjini mtaambiwa ni bahati. Sikuamini bahati nilipofika hapa, na siiamini leo.

Nilikuja kinuni moja kwa moja kutoka chuo kikuu, na nilikuja na tabia moja ya huko ambayo haikunisaidia sana: kuuliza kwa nini. Siku ya kwanza meneja alinionyesha mashine, ghala, zahanati ndogo, halafu akanitoa nje kwa mlango wa nyuma na kunionyesha uwanja. Upepo wa Juni ulikuwa unapuliza vumbi la pumba kutoka kinuni mpaka golini.

"Kwa nini kinu cha unga kina timu ya mpira?" nikauliza.

"Kilikuwa nayo nilipokuja," akasema meneja. "Na wewe ndiye katibu. Imo kwenye majukumu yako, kipengele cha mwisho."

Nilirudi chumbani kwangu Katandala nikasoma majukumu yale. Kweli, kipengele cha mwisho kilisema nitafanya kazi nyingine yoyote nitakayopangiwa. Basi. Hiyo ndiyo barua yangu ya kuteuliwa kuwa kiongozi wa soka.

Aliyenifundisha kazi hakuwa meneja. Alikuwa Mzee Kasanda, mtunza vifaa na mtunza uwanja, ambaye cheo chake kwenye vitabu vya kinu kilikuwa mshonaji wa magunia. Mnamfahamu, lakini mnamfahamu akiwa mpole. Wakati ule alikuwa na shazia ya kushonea magunia iliyochomekwa kwenye kola ya koti lake muda wote, na kwa shazia hiyohiyo alishona mipira, nyavu, viatu na mara moja paji la uso la beki wetu wa kulia, ingawa hilo la mwisho wote wawili wanalikana. Ngozi ya mpira aliipaka mafuta ya ng'ombe ili isinywe maji. Kabla ya kila mechi aliupima mpira kwenye mizani ndogo ya maabara ya unga, na kama ulikuwa mzito kupita kiasi alikataa usichezwe.

"Shikamoo mzee. Kwa nini unaupima?" nilimuuliza wiki ya kwanza.

"Marahaba. Kwa sababu mizani ipo."

Nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaona timu ngeni mbili zikija na mipira iliyolowa mvua ya barabarani, mizito kama boga, na wachezaji wao wenyewe wakishika vichwa baada ya kuipiga. Wetu hawakushika kichwa hata siku moja.

Lakini hakuwa mtu asiyekosea, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Chokaa ilipoadimika alichora mistari ya uwanja kwa pumba. Pumba zilikuwa tele, hazikuwa na kazi, na zilionekana vizuri kwenye majani. Siku ya mechi, kipindi cha pili, mwamuzi alipuliza filimbi akasema ni penalti. Mabeki wetu wakamwuliza eneo la penalti liko wapi. Akatazama chini. Lilikuwa kwenye matumbo ya kuku wa Kizwite, ambao walikuwa wamelila tangu asubuhi na sasa walikuwa wanaimalizia kona. Tulipigwa ile penalti hata hivyo. Jumatatu nikamwuliza Mzee Kasanda kwa nini asitumie majivu ya tanuri la kantini.

"Hakuna kuku anayekula majivu," akasema, na kuanzia siku hiyo tukawa tunachora kwa majivu. Hakuniambia ahsante, lakini alianza kuniita mwanangu.

Kazi ngumu ya kwanza niliyopewa ilikuwa kumpata kipa. Tulisikia kuna kijana huko bondeni, Milepa, wa familia ya wafugaji waliohama kutoka Usukuma, ambaye hudaka kila kinachorushwa. Tulishuka kwa lori la mahindi, mimi na Mzee Kasanda, tukamkuta Masanja akiwa na ng'ombe wa baba yake. Kijana alitaka kuja. Baba yake ndiye aliyetaka maelezo, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu niondoke chuoni nilikutana na mtu anayeuliza kunizidi.

"Huyu kwenu atafanya nini?" akauliza mzee huyo.

"Atadaka mpira, baba."

"Akishaudaka anaupeleka wapi?"

"Anawarudishia wenzake."

"Wenzake wakishaupata?"

"Wanaupeleka mbele, halafu wapinzani wanaunyang'anya, wanakuja nao tena."

"Na yeye anaudaka tena."

"Ndiyo."

Akatazama ng'ombe wake. "Siku nzima?"

"Dakika tisini."

"Basi mngemwacha kwanza akae nao huo mpira," akasema. "Mngemaliza mapema."

Mzee Kasanda ndiye aliyejibu. Alisema kijana atakula kantini ya kinu, atalala bweni la wapakiaji, na wakati wa kilimo atarudi nyumbani. Baba akakubali palepale. Nilijifunza kwamba si kila swali hujibiwa kwa jibu lake. Mengine hujibiwa kwa chakula na mahali pa kulala.

Halafu soko huria likafika. Mnakumbuka mlikuwa wadogo: dukani vitu vikarudi, mara vikazidi, na sokoni Sumbawanga mitumba ikaanza kumwagwa chini kwa marobota. Wakati huo jezi zetu zilikuwa zimeshonwa mpaka Mzee Kasanda alikuwa anashona juu ya uzi wake mwenyewe. Asubuhi moja alinifuata ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniambia twende sokoni. Ndani ya robota moja kulikuwa na jezi za timu nzima, rangi ya damu ya mzee, mikono myeupe, namba moja mpaka kumi na sita. Kifuani palikuwa na nembo ya ndege amesimama juu ya gurudumu, na chini yake jina la mji mdogo wa Uingereza ambao hata ramani ya shule haikuwa nao.

"Zimekamilika?" nikauliza.

"Namba tisa haimo," akasema. "Nimetafuta mpaka kwenye soksi."

Mshambuliaji wetu akavaa kumi na sita akiwa na manung'uniko. Mjini wakaanza kutuita Gurudumu, na jina lile la kinu likafa lenyewe, mapema kuliko kinu.

Mimi nilitaka kujua. Watu gani wanatupa jezi kumi na tano nzima? Na ile namba tisa ilikwenda wapi? Nikaandika barua kwa Katibu wa Klabu ya Mpira ya mji huo, Uingereza, bila anwani nyingine. Mzee Kasanda alisema nimepoteza stempu. Barua ilijibiwa baada ya miezi mingi, wakati mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na aliyejibu alikuwa mzee anayeitwa Harold, karani mstaafu wa reli, katibu wa klabu yao kwa muda mrefu kuliko umri wangu.

Aliandika vizuri, bila madaha. Alisema jezi walizitoa kanisani kwa ajili ya masikini na hakuwa na habari kwamba masikini wanauziwa. Alisema namba tisa iliondoka na mshambuliaji wao aliponunuliwa na klabu kubwa. Wao walifurahi kumuuza na bado wanaidai ile jezi. Halafu akanisimulia klabu yao. Ilianzishwa na mafundi wa kiwanda cha magurudumu ya mikokoteni. Magari yakaja, kiwanda kikafa, klabu ikabaki. Iliwahi kupanda mpaka daraja la nne, ikakaa misimu miwili ambayo wazee bado wanaisimulia kama kwamba ilikuwa ishirini, halafu ikashuka, ikashuka tena, na jukwaa lao la mbao likaungua siku ambayo hakukuwa na mechi, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuliona.

Nilimwandikia tena, nikamwuliza maswali manne. La mwisho lilikuwa: klabu isiyoshinda kitu, isiyo na kiwanda, inabaki hai kwa nini? Akajibu yale matatu ya kwanza kwa urefu. La nne akasema hajui, na kwamba ameliogopa kwa miaka mingi, maana anaona siku watakapolijibu watafunga.

Sikupenda jibu hilo wakati ule. Lilinifanya nimheshimu.

Mwaka uliofuata tukatangaziwa kwamba kinu kinauzwa. Wageni walikuja na suti, wakahesabu mashine, wakahesabu mabati. Meneja akaniita akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba uwanja umo kwenye hati ya kinu, kwamba ofisi inayouza mashirika imeuandika kama eneo lisilotumika, na kwamba mnunuzi anataka kulikata viwanja vya kujenga maghala. Mthamini atakuja baada ya mvua kupungua.

"Lakini linatumika," nikasema.

"Kwa mpira," akasema meneja. "Mpira si matumizi, ni burudani."

Nilikwenda moja kwa moja kumwandikia Bwana Harold. Nadhani nilimwandikia yeye kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyewahi kupitia jambo kama hilo. Jibu lilifika upesi safari hii, mwanzoni mwa Machi, na ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Alisema nao walipata mwenye ardhi aliyetaka kujenga duka juu ya uwanja wao. Mashabiki wakaugawa uwanja vipande vidogo, hatua moja kwa hatua moja, kila mtu akachukua chake, akapewa karatasi yenye jina lake na namba ya kipande. Mwenye ardhi alipoona kwamba atashughulika na watu mia kadhaa badala ya mmoja, akauacha.

Nikaitisha mkutano kwenye ghala la magunia. Walikuja wachezaji, wapakiaji, wake zao, wafuasi wetu wa Kizwite na Katandala, watu sitini na zaidi. Nikasimama juu ya mizani kubwa nikawasomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Walisikiliza vizuri mpaka kwenye vile vipande.

"Hicho kipande mtu anapanda nini?" akauliza Mama Masele, mmoja wa wafuasi wetu.

"Hapandi kitu, mama. Anakuwa nacho tu."

Akawageukia wenzake.

"Sasa watu watajuaje ni chake?"

"Kuna karatasi."

"Karatasi ya kwetu ataiandika nani?" akauliza Mzee Kasanda.

Hilo lilikuwa swali zuri, kwa sababu hapakuwa na ofisi yoyote ambayo ingetuandikia. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Chukulieni kama mtu mwenye tuta lake. Mwenye tuta haondolewi mpaka avune. Ni hivyohivyo."

Masanja akacheka. "Kweli, Dada Katibu. Ng'ombe wetu wakiingia kwenye tuta la Mfipa, hata mzee wangu huomba radhi. Na huyo haombi radhi kwa mtu."

Watu wakacheka, mkutano ukafungwa, na mimi nikaondoka nikiamini kwamba tumekubaliana kuandika barua kwa ofisi ya mkoa. Asubuhi iliyofuata nikasafiri kwenda Mbeya kwa kazi ya kinu. Nilikaa wiki moja.

Niliporudi nilipitia mlango wa nyuma kama kawaida, na nikasimama. Uwanja wote ulikuwa matuta. Si matuta ya ovyo. Yalikuwa matuta ya Kifipa hasa, kama wenyeji wa hapa wanavyolima, ya mviringo, majani yamegeuzwa na kufunikwa ndani yaoze, udongo mweusi juu, na mbegu za maharage zimekwisha kutiwa. Magoli yalikuwa yamesimama katikati ya shamba. Na mtu aliyepima alikuwa amepima kwa kamba, maana kila mstari ulikuwa umeachwa bila kuguswa: mistari ya pembeni, maeneo ya penalti, mstari wa katikati, yote njia nyembamba za majani zenye majivu bado. Kwenye duara la kati matuta yalipangwa duara.

Mzee Kasanda alikuwa amekaa kwenye ndoo, anashona wavu.

"Mzee," nikasema, "hiki ni nini?"

"Ulichotusomea."

"Mimi nilisoma habari za karatasi."

"Karatasi hatukuwa nayo. Majembe tulikuwa nayo." Akakata uzi kwa meno. "Walikuja wote, mwanangu. Hata wale wasiolipa ada. Mama Masele alipika pombe ya ulezi. Nimeandika kila mtu na tuta lake."

"Tuna mechi Jumapili."

"Tunayo."

"Tutachezea wapi?"

"Hilo ndilo la kufikiria sasa," akasema. "La uwanja limekwisha."

Nilimwambia maneno ambayo sijivunii. Nilimwambia kwamba yale ni mambo ya kijijini, kwamba mthamini kutoka Dar es Salaam hajui tuta ni nini, kwamba tumeuharibu uwanja kwa mikono yetu kabla hata mnunuzi hajauharibu, na kwamba chama cha mpira kitatukata pointi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Pointi tulikatwa kweli. Msimu ule wote tulicheza ugenini, hata mechi zetu za nyumbani, na maharage yakaota huku tukifungwa. Masanja alidaka penalti nne na bado tukashuka daraja. Kijana mmoja wa timu pinzani aliwahi kutupigia kelele kutoka pembeni, "Gurudumu, mboga imeiva?" Na beki wetu, yule wa kushonwa, akamjibu bila kugeuka, "Njoo na sufuria, mshikaji."

Mthamini alikuja maharage yakiwa na maua. Kabla hajafika meneja alinipa maagizo: nimfuate, nimwonyeshe mipaka, nithibitishe kwamba eneo ni tupu na ni mali ya shirika. Alinikumbusha kwamba mnunuzi atahitaji baadhi ya maofisa. Hakusema zaidi, wala sikuhitaji zaidi.

Mthamini alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa matope. Alisimama kwenye kona ya uwanja na kamba yake ya kupimia mkononi, akatazama shamba la maharage lenye magoli mawili.

"Hapa pameandikwa uwanja wa zamani," akasema.

"Pameandikwa hivyo," nikasema.

"Nani amelima?"

Mzee Kasanda alikuwa amesimama nyuma yetu. "Wenyewe," akasema.

"Wangapi?"

Akatoa daftari la vifaa, lilelile la jezi na viatu, akalifungua kurasa za nyuma. Mthamini akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili, akashusha pumzi. Akanieleza kwamba mazao yaliyo shambani lazima yaorodheshwe, kila mwenye nayo aitwe, atazamwe, atie sahihi, vinginevyo kesi zitamfuata mpaka nyumbani. Ameona hivyo kwingine. Kisha akanipa daftari.

"Wewe ni ofisa wa shirika. Hawa ni watu wa kweli, au ni majina?"

Nikaanza kusoma ili nimjibu. Niliwajua wote. Masanja, tuta mbele ya goli la kaskazini. Mama Masele, kona ya kulia. Wapakiaji saba kwenye mstari wa kati. Na kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa Mzee Kasanda ambao huegemea kushoto, nikaona: Katibu, nukta ya penalti, goli la kusini, tuta moja.

Sikuwa nimelima tuta lolote. Nilikuwa Mbeya. Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama shamba.

Ningependa kuwaambia kwamba niliamini. Sikuamini. Nilifikiri mnunuzi atacheka, atatoa fidia ya maharage, na mwezi ujao tingatinga litapita juu ya yote. Lakini swali nililoulizwa halikuwa hilo. Niliulizwa kama watu wale ni wa kweli, na katika kazi yangu yote pale kinuni hakuna jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo zaidi.

"Ni wa kweli," nikasema. "Mmoja wao ni mimi."

Nikatia sahihi chini ya ukurasa. Mthamini akatia yake, akaandika kwenye fomu yake kwamba eneo ni shamba la maharage lenye wakulima wengi, na akashauri mauzo yaishie kwenye ukuta wa kinu. Meneja aliposoma nakala alinitazama bila hasira, akasema, "Binti, umejiandikia barua yako mwenyewe." Alisema kweli. Mnunuzi alichukua mashine, maghala na mizani. Uwanja hakuutaka. Hakupenda kushughulika na maharage.

Tulivuna Juni, kwenye baridi kali. Mzee Kasanda aliniletea mavuno ya tuta langu ofisini, siku nilipokuwa nikipakia vitabu vyangu kwenye boksi. Alikuwa ameyatia kwenye soksi ya mpira, rangi ya damu ya mzee, imejaa mpaka juu na kufungwa kwa uzi wa gunia.

"Nani alilima tuta langu?" nikamwuliza.

"Mtu alikuwa na nafasi," akasema.

Mvua zilipoanza tuliyasambaza matuta, wote, siku moja, tukala makande kwenye duara la kati. Na hapa ndipo nilipojua kwamba nilimtukana mzee bila sababu hata kwa habari ya majani. Yale yaliyofunikwa ndani ya matuta yalikuwa yameoza yakawa mbolea, na udongo uliokuwa mgumu kama sakafu ukawa laini. Majani mapya yaliyopandwa na Mzee Kasanda, shina kwa shina kutoka kandokando ya mto, yalishika kama yaliyokuwa yanangojewa. Sasa timu ngeni zikija zinauliza tunatumia nini. Masanja anaruka pale bila kuchubuka kiwiko. Hatujapanda daraja bado. Lakini tunashuka kidogo kuliko zamani, na tunashuka kwetu.

Nilimwandikia Bwana Harold nikamweleza yote, pamoja na kosa langu la kutafsiri karatasi kuwa tuta. Jibu lake ni barua fupi kuliko zote alizoniandikia. Alisema ameisoma barua yangu kwenye mkutano wao wa mwaka. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakaomba isomwe tena. Alisema kila mmoja wao ana karatasi yake ukutani, kwenye fremu, na wanazipenda sana. "Lakini hakuna mmoja wetu," aliandika, "aliyewahi kula kitu kilichotoka kwenye kipande chake." Aliuliza kama maharage yalikuwa mazuri. Nilimjibu kwamba yalikuwa magumu kidogo, yanahitaji kulowekwa.

Hizo barua zipo kwenye kabati, pamoja na shazia ya akiba na daftari la vifaa. Daftari msilipoteze. Kurasa za mbele ni za jezi, mnaweza kuzichana zikijaa. Za nyuma msiguse. Mzee Kasanda anafahamu kila tuta lilikuwa wapi, lakini macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo kaeni naye, pitieni uwanja naye, na muulizeni kwa nini, mara nyingi. Atajifanya kuchoka.

Kwenye rafu ya chini mtaikuta soksi. Nilikula nusu tu. Iliyobaki ni mbegu, na kila mwaka tunaibadilisha kwa mpya ili isiharibike. Wakija tena watu wenye suti na kamba za kupimia, watazameni kwanza ni mwezi gani. Kama ni kiangazi, niandikieni Mbeya, tutafikiri pamoja. Kama ni Machi na udongo bado una maji, msinisubiri.